Baridi ya Kulazimisha

Mastura binti Pazi hakukusudia kuwa fundi wa magari. Alipelekwa Mtwara akiwa msichana ili amsaidie mke wa mjomba wake kazi za jikoni, na pengine angeishia hapo hapo jikoni kama nyumba ile isingekuwa imepakana ukuta kwa ukuta na gereji. Mjomba alikuwa fundi umeme, mtu mkubwa mwenye mikono minene, na kila waya ulipopotelea nyuma ya dashibodi alipaza sauti: "Mastura! Njoo na hivyo vidole vyako!" Mastura alikuja mbio, unga wa ugali bado umemganda kwenye kucha, akapenyeza mkono pasipopenyeka, akautoa waya. Haukupita muda mrefu mboga zikaanza kuungulia jikoni, na mke wa mjomba akatafuta mtu mwingine wa kumsaidia.

Katika kazi zote za gereji, iliyomteka ni ya viyoyozi. Mjomba alimwonyesha siku moja, boneti ikiwa wazi na injini inanguruma. Puli iliyo mbele ya kompresa inazungushwa na mkanda wa injini muda wote, alisema, lakini kompresa yenyewe imelala tu. Haizunguki mpaka klachi yake ipate umeme na kuibana ile puli. Na umeme huo hauamuliwi na swichi anayoibonyeza dereva. Dereva anaomba tu. Anayeamua ni kompyuta ya gari. Inaiuliza sensa ya presha iliyokaa kwenye bomba: gesi inatosha? Haijazidi? Inaiuliza sensa ya injini: imechemka? Inatazama kama dereva amekanyaga mafuta mpaka chini anataka kulipita lori. Ikiridhika ndipo inaiamuru relei, relei inapitisha umeme, na klachi inashika kwa mlio mdogo: tak.

"Na isiporidhika?" Mastura aliuliza.

"Utabonyeza mpaka kidole kiote sugu." Mjomba alicheka. "Watu wanakuja hapa wananiambia kompyuta imekufa. Haijakufa, imekataa. Oili ya kompresa inasafiri humo humo kwenye gesi. Gesi ikiisha, oili haifiki, na ukiizungusha kompresa hivyo hivyo kavu inasagika. Kwa hiyo kompyuta ikikataa usigombane nayo. Tafuta kwa nini imekataa."

Mastura aliyaweka maneno hayo moyoni, na kwa miaka mingi hakuyakiuka.

Aliporudi kwao Palma, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya ile miaka ya vita na ya watu kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, alifungua banda lake kando ya barabara iendayo Mute. Kazi haikumpa shida kuipata. Chumvi ya upepo wa ghuba ya Tungue ilikuwa inakula mabomba ya alumini na kuotesha ukungu wa kijani kwenye viungo vya nyaya. Vumbi nalo halikuwa nyuma, kwa sababu asiye na kiyoyozi husafiri madirisha wazi, na katika barabara ile mtu wa madirisha wazi hufika Mocímboa da Praia ana rangi ya tofali. Kilichompa shida ni wateja wenyewe. Walifika, wakamtazama, wakatazama nyuma yake, wakamuulizia fundi kwa Kireno chao: "Mecânico yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Wengine waligeuza gari wakaondoka. Jirani zake, wale wanaume wa kuziba pancha ng'ambo ya barabara, walimzoea lakini hawakuacha kumchokoza. Ilimchukua muda mpaka madereva wakaanza kuambiana kwamba ukitaka baridi nenda kwa Mana Mastura, yaani dada Mastura. Sifa zilipoanza kuja alizipokea kwa mikono miwili, na hakuona haya kuzipenda, maana alizitolea jasho. Ila zilimwachia kasoro moja ambayo yeye mwenyewe hakuiona ikikua. Neno "nimeshindwa" lilikuwa limemtoka kinywani kabisa.

Lourenço alikuja asubuhi moja ya joto, mvua zikiwa bado zinasuasua. Alikuwa mtu wa familia ya Mueda, kule juu nyandani, lakini ameishi Palma tangu ujana wake akiendesha teksi, gari dogo la milango minne alilolitunza kama mtoto. Alishuka bila hata kuzima injini.

"Bom dia, Mana Mastura. Ar condicionado, hiki kiyoyozi, kimeacha kabisa. Na kesho nampeleka mama Mocímboa."

"Mama anaumwa?"

"Pumu ile ile, lakini safari hii imekuja vingine. Kuna daktari wa mapafu ametoka hospitali ya mkoa kule Pemba, anapokea wagonjwa kesho tu, halafu anaondoka. Dada yangu Laura anasema tusubiri gari la wagonjwa. Tutasubiri mpaka lini? Na siwezi kwenda naye madirisha wazi, mana. Vumbi likimwingia anakuwa kama mtu anayezama, na maji hayapo."

Mastura aliinua boneti. Alifunga geji zake kwenye mabomba, na hakuhitaji kukuna kichwa. Gesi ilikuwa karibu imekwisha. Alipofuatilia kwa maji ya sabuni aliona bomba moja jembamba limetafunwa na chumvi, lina ufa usiozidi unywele, na povu linapumua pale pale. Dawa yake ilikuwa bomba jipya na gesi ya kutosha. Vyote viwili vilikuwa kwa kaka yake, Sharifu, aliyekuwa akimletea vifaa kutoka Mtwara, na Sharifu alikuwa amekwama upande wa pili wa mto Ruvuma kwa sababu kivuko kilikuwa kimeharibika. Katika banda lake Mastura alibakiwa na mtungi mmoja ambao ukiutikisa unasikia umebaki mwepesi.

Hapo ndipo angesema haiwezekani. Lourenço alisimama mbele yake akijifuta shingo kwa kitambaa, macho yake yamemkodolea kama mtu anayesubiri hukumu.

"Niachie," Mastura alisema. "Uje jioni."

Alifanya alichoweza. Aliuziba ufa kwa gundi ya chuma, akaiacha ikauke, akavuta hewa yote kwenye mfumo, kisha akaachilia masalio ya mtungi mpaka tone la mwisho. Aliwasha injini, akabonyeza swichi ya kiyoyozi. Feni ilipuliza hewa ya moto. Alisubiri ile tak. Haikuja. Akabonyeza tena. Alitazama geji, na geji ilimwambia alichokijua: gesi haitoshi, sensa imeona, kompyuta imekataa.

"Vipi, fundi?" mmoja wa wale wa pancha alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Leo imekushinda?"

Wenzake walicheka, kicheko cha kawaida tu, cha watu wanaotafuta cha kupitishia mchana. Lakini kilimpata Mastura mahali pabaya. Alifungua sanduku la fyuzi, akaichomoa relei ya kompresa, akakata kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya pale relei ilipokaa ili umeme uende klachi moja kwa moja, na katikati ya waya huo akafunga swichi ndogo aliyoificha chini ya usukani. Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Aliibonyeza ile swichi, na kompresa ikashika: tak. Baada ya kitambo hewa iliyotoka kwenye matundu ya dashibodi ilikuwa baridi. Haikuwa baridi ya kuumiza meno, lakini baridi.

Sasa hakuna aliyekuwa anauliza gesi inatosha au injini imechemka. Kompyuta ilikuwa ingali inaona kila kitu, ila imezibwa mdomo.

Mastura alijua alichofanya. Ni safari moja, alijiambia. Gundi itashika. Na nitamweleza. Aliyapanga kabisa maneno: kaka Lourenço, hii nimeilazimisha, uwashe kidogo gari likipoa uzime, na ukisikia chuma kinasaga, hata kwa mbali, uzime pale pale usingoje. Aliyarudia kichwani wakati ananawa mikono.

Jioni Lourenço alikuja na mama yake. Mama Rosita alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, kiongozi wa nyimbo kanisani kwao, ambaye hata akiwa mgonjwa aliongea kama anaita watu wa shamba la pili. Mastura alimwamkia, "Shikamoo, mama," akamfungulia mlango. Mama Rosita aliketi, akaupeleka uso karibu na tundu la hewa, akafumba macho. Kisha akapiga makofi.

"Nyinyi huko!" aliwaita wale wa pancha. "Njoni muone! Wanaume wangapi wamelishika gari hili, na nani ameleta baridi? Ni huyu binti!" Akaushika mkono wa Mastura uliokuwa bado na harufu ya gundi. "Mungu akubarikie vidole hivi, mwanangu. Leo nitalala nikijua kesho nitapumua."

Wale wanaume walicheka na kupunga mikono, na mmoja akasema kweli, huyu tumemkubali. Mastura alihisi uso unamwaka kwa furaha. Yale maneno aliyoyapanga yalikuwa bado hayajasemwa, na kila alipotaka kuyatoa aliona jinsi yatakavyobomoa kila kitu: makofi, baraka, na ule mkono wa mama ulioshika wake.

"Swichi ni hii ya chini," alimwambia Lourenço. "Ile ya zamani usiiguse."

"Hii mpya ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

Lourenço aliingia, akafunga mlango. Mastura aliinama dirishani. "Kaka Lourenço..."

"Naam, mana?"

"Msafiri salama."

Kilichowapata njiani alikuja kukisikia kwa Lourenço mwenyewe, na akakisikia mara nyingi, kwa kuwa Lourenço alikuwa akikisimulia kwa kila mtu kama anayetafuta mahali alipokosea.

Waliondoka asubuhi, madirisha yamefungwa, Mama Rosita nyuma amejifunika kapulana, kitenge chake, miguuni, anaimba kwa sauti ya chini. Walipita Mute salama. Baada ya Mute gari lilianza kutoa mlio, kama mtu anayesaga jino kwa jino. Lourenço alidhani ni kokoto zinazogonga chini. Aliongeza redio. Mlio ukawa mkubwa, baridi ikaanza kufifia, halafu harufu ya mpira unaoungua, moshi, na mshindo mmoja mbele. Kompresa ilikuwa imeganda. Klachi, iliyokuwa inapewa umeme bila kuulizwa, iliendelea kuibana puli isiyoweza tena kuzunguka, na mkanda ukakatika. Katika gari lile mkanda ni mmoja tu, ndio unaozungusha na pampu ya maji. Sindano ya joto ilipanda mpaka mwisho, na Lourenço akalazimika kuzima.

Walikuwa wamesimama mahali ambapo vijiji vya kando ya barabara vilikuwa bado vitupu tangu vita, na kuna mashina ya minazi tu na kuta zisizo na paa. Hakuna dereva anayependa kusimama pale. Ndani ya gari joto likawa halivumiliki, na Mama Rosita akaomba dirisha lifunguliwe. Lourenço alifungua. Ndipo msafara wa malori ukapita, moja baada ya jingine, bila hata moja kupunguza mwendo, na vumbi lao likaingia na kukaa. Lourenço alimfunika mama yake uso kwa kapulana aliyoilowesha maji, akampepea kwa kifuniko cha boksi, akamlaza, akamwinua. Dawa ya kuvuta aliyokuwa nayo iliisha. Mwishowe lori la mihogo lililokuwa likienda Palma lilisimama, na wenye lori wakambeba mama wakamweka mbele kwa dereva. Daktari wa Mocímboa hawakumfikia.

Mastura alipata habari kutoka kwa wale wa pancha. "Gari la Lourenço limekufia mbele ya Mute," walisema, "na mama yake yuko hospitali, hali mbaya." Alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini taratibu, akafunga banda, akaenda.

Alimkuta Mama Rosita amewekewa oksijeni, macho yamefumbwa, kifua kinapanda kwa kazi. Nje, ukutani, Laura alikuwa anamsimanga kaka yake mbele za watu.

"Nilikwambia usubiri! Nilikwambia au sikukwambia? Wewe na hilo gari lako. Umempeleka mama akavutishwe vumbi porini!"

Lourenço alikuwa anapangusa shati lake. Vumbi lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi. Alipomwona Mastura alisogea kando, akamwambia kwa sauti iliyokauka, "Mana, nilisikia mlio. Nilisikia kabisa. Nikaongeza redio. Mtu gani anasikia gari lake linalia anaongeza redio?"

Mastura alifungua kinywa. Laura alikuwa anamtazama, na muuguzi, na mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi. "Pole, kaka," alisema. "Pole sana." Akarudi nyumbani akitembea pembeni mwa barabara kama mtu anayeogopa kuonwa.

Mama Rosita hakufa. Baada ya siku kadhaa alirudishwa nyumbani, na watu wakamshukuru Mungu, lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alikuwa akianza sentensi anaikatisha katikati ili avute pumzi, akisahau mwisho wake. Jumapili alijaribu kuanzisha wimbo kanisani, akafika mstari wa pili, akaketi. Mtu mwingine akaumalizia.

Gari lilivutwa mpaka kwenye banda la Mastura. Lourenço mwenyewe alikuja nalo, akamwachia ufunguo. "Niangalizie, mana, sina fundi mwingine ninayemwamini." Neno hilo lilimchoma Mastura kuliko matusi yoyote. Alisubiri Lourenço apotee kwenye kona, akafungua sanduku la fyuzi. Waya ulikuwa pale pale alipouacha, ganda lake limeyeyuka kidogo. Aliuchomoa. Alifungua na ile swichi ya chini ya usukani, akairudisha relei mahali pake, akaikandamiza mpaka ikakaa sawa. Alipomaliza, mtu yeyote angelifungua lile gari asingejua kitu. Hapo akakaa chini kwenye oili. Ile ya kwanza alikuwa ameifanya kwa haraka na kiburi. Hii ameifanya akili yake ikiwa timamu.

Sharifu alivuka hatimaye na mitungi ya gesi na mabomba. Alimkuta dada yake amekonda, chakula hakipandi. Alimbana mpaka akamweleza. Sharifu alisikiliza, akazunguka lile gari, akarudi.

"Umeshautoa?"

"Nimeutoa."

"Basi imekwisha. Gari kuukuu, njia mbaya, mama mgonjwa tangu zamani. Nani atakuuliza?"

"Kaka, Lourenço anajilaumu. Laura anamtukana kila siku."

"Na ukisema, unajua watasema nini hapa? Hawatasema Mastura amekosea. Watasema, mwanamke alipewa gari, ona. Miaka yako yote hii itakwenda na maji." Sharifu aliongea kwa huruma, si kwa hila. Alikuwa anampenda. "Mfungie kompresa nzuri, mtengenezee vizuri kabisa, usimdai chochote. Hiyo ndiyo toba yako."

Mastura alijaribu kuishi na shauri hilo. Alifungua kompresa iliyoharibika, akamwaga masizi meusi na chembe za chuma, akasafisha mabomba. Lakini kila Lourenço alipokuja kutazama kazi, alianza upya: kama ningezima redio, kama ningesimama Mute. Siku moja alikuja akasema Laura amemwambia asimbebe tena mama hata kwenda kanisani. "Na anasema kweli," alisema. "Mimi sifai kumbeba mtu." Mastura aliinamisha kichwa chini ya boneti ili asimwone usoni.

Asubuhi iliyofuata alivaa nguo yake ya heshima, akajitanda mtandio, akaenda nyumbani kwao mikono mitupu. Alifikiri juu ya kubeba hata sukari, akaona itakuwa kama kununua masikio yao. Aliwakuta wote watatu uani: Mama Rosita kwenye kiti, mto mgongoni, Laura anachambua mchele, Lourenço anatengeneza mlango wa banda la kuku. Walimkaribisha. Alikataa kukaa.

"Kaka Lourenço hana kosa," alianza. "Kosa ni langu. Gesi haikutosha. Kompyuta ya gari iliona haitoshi ikakataa kuiwasha kompresa, na mimi nikaipita kwa waya. Nilijua inaweza kusagika. Nilitaka kuwaambia, mama akanisifu, nikanyamaza. Na gari lilipokuja, nikautoa ule waya ili usionekane."

Kuku walikuwa wanaparua. Laura aliacha mkono ndani ya ungo. Lourenço alisimama na nyundo yake, na ilionekana kama maneno yanamfikia moja moja.

"Kwa hiyo ule mlio," alisema.

"Ulikuwa kompresa."

"Kama ungeniambia, na mimi nikausikia, ningefanya nini?"

"Ungezima ile swichi ya chini. Klachi ingeachia. Mkanda usingekatika." Mastura alimtazama usoni. "Mngeendelea na safari. Bila baridi, lakini mngefika."

Lourenço alitikisa kichwa polepole. "Ungenieleza, bado ningeondoka nalo. Ningeondoka nalo hivyo hivyo, sikuwa na njia nyingine. Neno moja tu, mana. Neno moja la kusema dirishani. Uliniita nikageuka, unakumbuka? Nikasema naam."

"Nakumbuka."

"Ukanambia tusafiri salama."

Laura alisimama, ungo ukamwagika. Alianza kufoka, kwa Kiswahili na Kimakonde na Kireno pamoja, kwamba angempeleka polisi, kwamba mama yake si gari la kujaribia. Lakini katikati ya maneno yake alimtazama kaka yake, aliyemtukana siku zote zile, na sauti ikamkatika. Aliingia ndani akabamiza mlango. Mama Rosita aliinua mkono kumtaka Mastura asogee. Mastura alipiga magoti mbele ya kiti.

"Siku ile nilikusifu," mama alisema, akavuta pumzi. "Mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Zile sifa..." Alisubiri kifua kitulie. "Nirudishie. Pale pale nilipokupa."

Mastura hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliinuka, akarudi mpaka kando ya barabara, akavuka kwenda kwa wale wa pancha waliokuwa wamekaa juu ya matairi. Aliwaeleza yote, tangu mtungi mtupu mpaka waya. Hakuna aliyecheka. Mmoja tu, yule aliyemuuliza kama imemshinda, alitazama chini akawa anazungusha kokoto kwa kidole cha mguu.

Sharifu hakuwa amekosea. Habari zilienea, na zilienea vile vile alivyosema: mwanamke alipewa gari, ona. Kwa muda mrefu banda lilikuwa kimya. Lourenço hakumwachia Mastura amalizie kazi. Alilivuta gari kwa fundi mwingine, na Mastura akampelekea kompresa na bomba jipya huko huko, akaviacha mlangoni. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja, wengi wao wageni wasiojua. Wanaojua walikuja pia, baadhi yao, wakasimama karibu sana wakati anafanya kazi, na hakuwakataza.

Mvua zilipokwisha ndugu za Lourenço walioko Pemba waliamua Mama Rosita akaishi kwao, karibu na madaktari. Gari la jamaa mmoja wa kanisani lilikuja kumchukua. Mastura alisikia, akaenda, akasimama mbali kidogo na kundi la waimbaji waliokuja kumuaga. Laura alimwona akageuza uso. Lourenço alikuwa anapakia mizigo. Alifika kwenye fungu kubwa la nguo lililofungwa kwa kapulana, akaangalia huku na huku nani wa kumsaidia, na aliye karibu alikuwa Mastura. Alisita. Kisha akamkabidhi upande mmoja wa fungu, bila kumtazama, na wakalibeba pamoja mpaka nyuma ya gari.

Mama Rosita alikuwa ameketi tayari ndani, kioo kimefungwa. Alimwona Mastura kupitia kioo. Alimtazama kitambo, hakutabasamu, hakukunja uso. Halafu gari likaondoka.

Sharifu alimuuliza walipokuwa wanakula kama wamemsamehe. Mastura alisema hakuwauliza.